Asante Iliyokosa Mahali

Kufikia saa tano asubuhi ya siku ya tatu, Nimia Ayala alikuwa amechoshwa na Derlis Benítez kuliko alivyochoshwa na joto, na joto la Asunción mwezi wa Januari si la mzaha. Feni za dari zilizunguka bila kumpoza mtu. Kwenye meza ya katikati alilala Don Cirilo, sanamu la mpira lisilo na miguu, ambalo manesi na madaktari ishirini walikuwa wakilikandamiza kifua tangu Jumatatu. Walitaka wafuzu kuwa wakufunzi, ili wakirudi makwao wawafundishe wenzao namna ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama.

"Nasema tena," Nimia alisema, na ilikuwa mara ya nne. "Hatua ya kwanza, mkufunzi anafanya kila kitu kimyakimya, mwanafunzi anatazama tu. Ya pili anarudia polepole, akieleza. Ya tatu mwanafunzi ndiye anayeeleza, mkufunzi anafanya. Ya nne mwanafunzi anafanya mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Derlis.

"Basi fanya ya pili."

Derlis akapanga viganja vyake juu ya kifua cha Don Cirilo, akakandamiza mara thelathini, vizuri kabisa, kifua kikalia tik kila mara. Kisha akanyanyuka, akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Hakuwa ametamka hata neno moja.

"Hiyo ni ya kwanza, Derlis."

"Ndiyo."

"Nimekuomba ya pili."

"Nilikuwa naelekea huko."

Nimia akatazama dari. Kati ya watu wote ishirini, walipangwa wawiliwawili kwa herufi za majina, Ayala na Benítez, na Daktari Hermelinda Insfrán aliyesimamia kozi hakujua kwamba hao wawili waliwahi kuvishana pete. Nimia hakutaka kumweleza. Ukishaanza kueleza jambo kama lile huwezi kuliishia katikati, na yeye alikuwa amekuja kutafuta cheti, hakuja kutafuta huruma.

Tatizo ni kwamba cheti chenyewe kilikuwa kinamponyoka. Ndani ya Don Cirilo mna kidude kinacholia tik pale kifua kinapozama sentimita tano, kina kinachotakiwa. Nimia alieleza vizuri kuliko wote, kwa sauti ya upole ambayo hata daktari bingwa angekubali kusahihishwa nayo. Lakini zamu yake ya kukandamiza ilipofika, mikono ilishuka, ikakaribia, kisha ikasita. Don Cirilo alimnyamazia tangu Jumatatu.

Daktari Hermelinda, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimvuta kando kabla ya mapumziko. Alimwambia bila kuzunguka kwamba mdomo wake umeshafuzu, lakini mikono yake inamwogopa yule mzee wa mpira. Saa tisa alasiri angempima tena. Don Cirilo asipolia, Nimia angerudi Caazapá mikono mitupu, na hospitali yao ndogo ingengoja mkufunzi mpaka mwakani.

"Kuna kitu unakiogopa," alisema yule daktari. "Si lazima uniambie mimi. Lakini mwambie mtu kabla ya saa tisa."

*

Wakati wa mapumziko walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa uani, na kama siku zote Nimia ndiye aliyemimina tereré, chai baridi inayonywewa kwa zamu. Alikuwa na mkono mzuri wa kumimina, kila mtu alisema hivyo. Alitia majani kwenye guampa, ile pembe ya ng'ombe ya kunywea, akachomeka mrija wa chuma, akamimina maji ya barafu yenye mnanaa uliopondwa. Guampa ya kwanza akamwachia Mtakatifu Tomaso, kama kawaida, maji yanyonywe na majani bila mtu kuinywa. Iliyofuata akampa Daktari Fausto, mgeni wa kutoka Quito, mtu mwenye adabu kupita kiasi.

Daktari Fausto akanywa, akarudisha, akainamisha kichwa. "Asante sana."

Guampa ikazunguka watu wote, ikarudi, ikampita Daktari Fausto kama ilivyompita jana na juzi. Alikuwa ameanza kukauka midomo. Nimia akamhurumia.

"Daktari, samahani, hivi hakuna aliyekwambia? Hapa kwetu, ukirudisha guampa ukasema asante, maana yake umetosheka. Zamu inakuruka."

"Kwa hiyo siku zote tatu nimekuwa nikikataa?"

"Kwa heshima kubwa. Ukitaka tena, rudisha ukiwa kimya."

Wote wakacheka, hata Daktari Fausto mwenyewe. Derlis peke yake hakucheka. Guampa ilikuwa imefika kwake, ameishika karibu na mdomo, na alikuwa amekaza macho juu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kisha akamtazama Nimia. Akanywa mpaka mrija ukakoroma, akairudisha bila neno, akainuka akaenda zake.

Ndivyo alivyo, Nimia alijiambia. Jambo likimgusa anaondoka. Na hasira yake ya miaka miwili, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imelala kidogo, ikaamka yote.

Miaka miwili iliyopita, Jumapili moja, wakiwa uani kwa akina Benítez huko Villarrica, Don Wilfrido, baba yake Derlis, alianguka kando ya moto wa kuchomea nyama. Nimia alikuwa mchumba wa nyumba ile tangu Agosti. Alitoka jikoni mbio, akapiga magoti mchangani, akakandamiza kifua cha mzee kwa dakika arobaini mpaka gari la wagonjwa likafika. Mapema sana, labda mara ya saba au ya nane, aliusikia ubavu ukiachia chini ya kiganja chake. Tik. Kisha mwingine. Hakuacha, kwa sababu kuacha si kazi aliyofundishwa. Don Wilfrido hakurudi.

Mjane wake, Ña Saturnina, naye aliusikia ule ubavu. Baada ya mazishi alisema jikoni, Derlis akiwa amesimama palepale mlangoni, kwamba mikono iliyomvunja mumewe mbavu haitagusa sahani zake. Derlis ni daktari wa usingizi. Alijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile kwamba mbavu huvunjika kazi ikifanywa sawasawa. Alitazama sakafu.

Hilo Nimia angeweza kulisamehe. Siku ya tisa ya sala za marehemu, siku ya mwisho, alijikaza akaenda. Alikaa uani, akamimina tereré kwa waombolezaji, na guampa ya kwanza baada ya ile ya mtakatifu akampa Derlis mkononi, mbele ya shangazi zake wote. Alikuwa anamuuliza kwa mkono kile alichoshindwa kumuuliza kwa mdomo. Derlis akanywa, akamtazama usoni, akairudisha.

"Asante," alisema.

Nimia alimmiminia aliyefuata, akachukua mkoba wake, akatoka. Kesho yake akarudisha pete kwa mkono wa Celsa, dada yake Derlis.

*

Chakula cha mchana hakukitaka. Akanunua chipa moja, mkate mdogo wa jibini, akaimega, akaiacha, akarudi ukumbini kufanya mazoezi peke yake. Derlis alikuwa huko tayari, ameketi kwenye kiti kando ya Don Cirilo, mikono katikati ya magoti.

"Nimia. Kuhusu siku ile ya tisa."

"Saa tisa napimwa. Kama hujaja kufanya mazoezi, niachie meza."

"Ngoja. Nataka tuliongee vizuri." Akavuta pumzi. "Kwanza, wewe kwa maoni yako, kipi kilikwenda vizuri?"

Nimia hakuamini masikio yake. Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyofundishwa kumwambia mwanafunzi baada ya zoezi, yako ukurasa wa kumi na mbili wa kijitabu.

"Usinifanyie tathmini ya kozi, Derlis. Nakuomba. Nitakupiga na huyu mzee."

"Sijui pa kuanzia pengine."

"Miaka miwili hujui pa kuanzia. Umekwama hatua ya kwanza tangu nikujue. Unafanya, unanyamaza, sisi wengine tutazame tukisie. Haya." Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akakunja mikono. "Hatua ya pili. Rudia polepole, ukieleza. Leo hutoki humu bila kueleza."

Derlis akamtazama. Yalikuwa macho yaleyale, yenye kope ndefu zisizomfaa mwanamume mwenye kidevu kama kile, na Nimia alijichukia kwa kuyatambua hayo wakati kama huu.

"Baba alipoanguka," Derlis akaanza, "mimi nilikuwa karibu kuliko wewe. Hatua mbili. Nilikuwa nimeshika kisu cha nyama. Nimia, mimi kila siku nalaza watu na kuwaamsha. Nilimwona anaanguka, nikajua ni nini, nikajua la kufanya, na mikono ikakataa. Ukatoka jikoni ukanipita."

"Ulikuwa unakwenda kuita gari la wagonjwa."

"Celsa ndiye aliyeita."

"Nilikuona unageuka."

"Niligeuka ili nisione. Sikuita mtu. Sikufanya chochote. Nilisimama na kisu changu dakika arobaini huku mwanamke wangu akifanya kazi yangu."

Nje mtu alicheka kwa sauti, mlango ukagongwa na upepo. Kwa miaka miwili, kila alipoikumbuka siku ile, Derlis alikuwa kwenye simu. Alikuwa amemweka pale mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kumwazia mahali pengine.

"Mama alipokutupia lawama," Derlis akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepungua, "nilijua nikikutetea itabidi niseme na yangu. Nikaona afadhali ulaumiwe wewe. Huo ndio ukweli. Haupendezi."

"Haupendezi hata kidogo."

"Najua."

"Endelea."

"Siku ya tisa nilikuwa nimejiandaa. Nilitunga maneno tangu alfajiri, mengi. Kwamba wewe ndiye uliyepiga magoti. Kwamba kwa dakika arobaini baba yangu alikuwa na mtu, hakufa peke yake mchangani wakati mwanawe anatazama ukuta wa ua. Nilitaka kuyasema yote mbele ya wale shangazi. Ukanipa guampa. Nikanywa, nikakutazama, maneno yote yakanikimbia, likabaki moja tu."

Nimia akalitaja yeye. "Asante."

"Asante."

"Ukalisema ukiwa unarudisha guampa."

"Ndiyo."

"Derlis. Wewe umezaliwa Villarrica. Umenyonya mrija kabla ya kuota meno. Hata mtoto wa miaka minne anajua asante ya guampa ni nini."

"Sikuwa nafikiria guampa. Nilikuwa namfikiria baba. Mpaka leo, ulipomweleza yule wa Quito. Ndipo nikajua nilichokwambia."

"Mbele ya shangazi zako sita."

"Watano."

Nimia akafunika uso kwa viganja. Alitamani kumpiga, alitamani kucheka, alitamani kurudi nyuma miaka miwili akamtingishe yule msichana aliyebeba mkoba wake na kutoka uani kichwa juu. Akamwambia Derlis, bado amejifunika, kwamba neno lile alilala nalo na kuamka nalo, kwamba alilihesabu kuwa ndiyo hukumu. Mama yake Derlis, Nimia angemvumilia. Ña Saturnina alikuwa amefiwa, alisema lililomjaa moyoni, na mtu anayesema unaweza kujibizana naye.

"Nilidhani uliondoka kwa ajili ya Mama," alisema Derlis.

"Nilidhani umetosheka nami."

"Sijawahi."

Alilisema upesi, bila kulitunga, na Nimia akashusha viganja. Hakumsamehe hapohapo, msidhani. Mtu hawezi kuachia miaka miwili kwa neno moja, hasa mtu ambaye neno moja ndilo lililomponza. Lakini kulikuwa na swali alilokuwa amelibeba siku zote hizo, na hakukuwa na mwingine duniani wa kulijibu.

"Mama yako anajua?" aliuliza kwanza, kwa woga wa kuliuliza lile lenyewe.

"Nilimwambia Jumapili iliyopita, mbele ya Celsa. Kwamba mimi nilisimama, wewe ulipiga magoti. Nikamwambia pia kwamba nimeona jina lako kwenye orodha ya kozi, na nakuja. Hajanisemesha mpaka leo."

"Kumbe kunyamaza umerithi."

Derlis karibu atabasamu. Nimia akageukia meza, akaweka kiganja juu ya kifua cha Don Cirilo, taratibu, bila kukandamiza.

"Na mbavu?" alisema. "Nilizisikia, Derlis. Kila nikimgusa huyu nazingoja. Nikikaribia kufika pale, mikono inarudi yenyewe. Nakuuliza kama daktari na nakuuliza kama mwanawe. Nilimuumiza?"

Derlis akainuka. Safari hii hakutazama sakafu.

"Zilivunjika kwa sababu ulifika panapotakiwa. Kama ningekuwa na mikono siku ile, zingevunjika zilezile chini ya mikono yangu. Hukumuumiza baba. Sisi ndio tuliokuumiza wewe, mimi na Mama, na mimi zaidi."

Nimia alilia kidogo, kwa hasira hasa, akatafuta leso asiipate, akatumia karatasi ya chipa. Derlis hakumshika. Alisimama upande wa pili wa meza, akapanga viganja vyake juu ya kile kifua cha mpira, akangoja.

"Hatua ya tatu," alisema. "Mwanafunzi anaeleza, mkufunzi anafanya. Nieleze."

"Nani mkufunzi hapa?"

"Tutagombana baadaye. Nieleze."

Akaeleza. Viganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, zama, achia. Derlis akafuata kila neno, na kifua kikalia tik, tik, tik. Mara za kwanza Nimia alishtuka kila kilipolia. Akafumba macho akaendelea kueleza. Kufikia ya ishirini ilikuwa sauti tu, na chini yake alikuwa akisikia pumzi za Derlis, na hizo ndizo zilizomsumbua zaidi.

*

Saa tisa kamili, Daktari Hermelinda akavaa miwani yake, akafungua daftari. Derlis akasimama kama mwanafunzi. Nimia akapiga magoti, maana Don Cirilo alikuwa ameteremshwa sakafuni kwa ajili ya mtihani, na sakafu ilikuwa ngumu na ya moto kidogo. Akapanga mikono. Ilishuka, ikakaribia, ikafika pale inaposita kila siku.

Tik.

Hakunyanyua kichwa. Akahesabu kwa sauti, akaeleza kila anachofanya, na yule mzee aliyemnunia tangu Jumatatu akamjibu mara thelathini bila kukosa. Daktari Hermelinda akangoja mpaka duru ya pili, ndipo akauliza swali analomuuliza kila mtu.

"Mwanafunzi wako amesikia ubavu umevunjika. Ameacha, anatetemeka. Unamwambia nini?"

"Namwambia asiache," alisema Nimia, mikono ikiendelea. "Namwambia ubavu huunga, na mtu mwenyewe ana wakati huu tu." Akavuta pumzi. "Na asiporudi yule mtu, namkalisha mwanafunzi wangu siku hiyohiyo, namwambia alifanya vizuri. Kwa maneno kamili. Asingoje siku ya tisa."

Macho ya Derlis hayakwenda chini.

"Hilo la mwisho halimo kwenye kijitabu," alisema Daktari Hermelinda.

"Halimo, Daktari."

"Litatiwa." Akaandika kitu kirefu, akafunga daftari, akamwambia ainuke atoe vumbi magotini, kwani mkufunzi hapokei cheti akiwa hivyo.

*

Walipotoka, ua ulikuwa mtupu, wenzao wakipiga picha na Don Cirilo ndani. Nimia akaketi penye kivuli, cheti kikiwa kimekunjwa ndani ya mkoba, akatingisha chupa ya maji. Barafu ilikuwa bado imo. Derlis akasimama mbele yake na kubadilisha mguu mara tatu kabla hajasema.

"Jumapili utakuja Villarrica?"

"Mama yako atakuwepo?"

"Ni nyumba yake."

"Na sahani zake?"

"Nitaosha mimi."

"Sijasema ndiyo. Bado nina hasira na wewe, na ni nyingi, nitaitoa kidogokidogo. Labda mpaka Pasaka."

"Sawa."

"Na usiseme sawa. Eleza."

Derlis akaketi kando yake, si karibu sana, si mbali pia. Akamwambia kwamba angekuja na gari Jumapili asubuhi na kungoja mlangoni hata kama yeye hatatoka, kwamba angemwambia tena mama yake jambo lilelile, mezani, mpaka alisikie, na kwamba alikuwa anaogopa. Yalikuwa maneno mengi kwa mtu kama yule, na aliyatoa yote kwa mpangilio, moja baada ya jingine. Nimia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamimina, akampa guampa mkononi.

Derlis akanywa mpaka mrija ukakoroma. Akamtazama usoni, akairudisha, na midomo yake ikafunguka kutaka kusema.

Nimia akamwinulia kidole.

Derlis akafunga mdomo. Nimia akamimina tena.